Nani Amfunzaye Naibu wa Mwalimu Mkuu?

Kila shule inapoingia magazetini kwa jambo la aibu, swali la kwanza la wazazi huwa ni moja: mwalimu mkuu alikuwa wapi? Wenye hasira humtaka aondoke, halmashauri ya shule huitisha mkutano wa dharura, na baada ya siku chache huenda akapewa barua ya uhamisho. Shule hupata mkuu mpya, lango hufunguliwa, kengele hupigwa, nasi sote hurejea katika shughuli zetu tukidhani kwamba ugonjwa umetibiwa.

Sina nia ya kumtetea mwalimu mkuu aliyekosa. Abebaye dhamana ya shule sharti abebe na lawama zake. Lakini liko kundi la watu katika shule zetu ambalo hatuliulizi neno wakati wa heri wala wa shari, ilhali halikosi kuwamo katika kila jambo linalotendeka huko tangu alfajiri hadi taa za mabweni zizimwapo. Nawazungumzia manaibu wa walimu wakuu, walimu waandamizi, wakuu wa idara, na walimu wanaosimamia mabweni, michezo na mitihani. Hao ndio viongozi wa ngazi ya kati. Juu yao yupo mkuu. Chini yao wapo walimu wenzao, wafanyakazi na wanafunzi. Wamekaa mfano wa punje kati ya mawe mawili ya kusagia.

Nionavyo mimi, uadilifu wa shule huhifadhiwa au huuzwa katika ngazi hiyo ya kati. Nasi tumewaacha watu wa ngazi hiyo wajifunze uongozi kwa kubahatisha, au, lililo baya zaidi, wajifunze kutoka kwa yeyote aliyewatangulia, awe mwema awe mwovu.

Hebu tuitazame kazi yenyewe. Mwalimu mkuu hutia sahihi hundi, lakini aghalabu si yeye anayesimama mlangoni pa stoo lori la mahindi linapowasili. Mwalimu mkuu ndiye anayewajibika kwa mitihani, lakini mkuu wa idara ndiye anayejua ni alama zipi zilizotokana na kazi ya mwanafunzi na ni zipi zilizotoka hewani. Mwalimu mkuu ndiye anayeandikiwa barua na wizara kuhusu usalama, lakini msimamizi wa bweni ndiye anayejua ufunguo wa mlango wa nyuma umo mfukoni mwa nani saa nane za usiku. Na msichana anaposumbuliwa na mwalimu, mlango wa kwanza anaoubisha, iwapo atapata ujasiri wa kubisha, si ule wa mkuu wenye karani na benchi la wageni. Ni ule wa mwalimu mwandamizi wa kike, au wa naibu.

Watu wenye mamlaka makubwa kiasi hicho tunawapataje? Mwalimu hodari wa kemia huteuliwa kuwa mkuu wa idara ya sayansi kwa sababu wanafunzi wake hupita mtihani. Baada ya miaka kadhaa huhojiwa, akawa naibu. Siku ya kuteuliwa hupewa barua, funguo na rundo la madaftari. Jana alikuwa akisahihisha kazi za Kidato cha Tatu. Leo anatakiwa aamue ugomvi wa walimu wawili, apime udhuru wa mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kwenda nyumbani, na amwonye mwenzake anayefika kazini akinuka pombe, mwenzake ambaye hadi juzi walikuwa wakinywa chai pamoja. Nani amemfunza hayo? Hapana shaka ni hodari wa kemia. Lakini kemia haikumwandaa kwa mtihani huu.

Sisemi kwamba hakuna mafunzo yoyote. Serikali ilianzisha taasisi ya kuwafunza wasimamizi wa elimu mwaka 1981, ikijulikana kama KESI, na mwaka 2010 ikapewa jina la KEMI. Mafunzo ya namna hiyo yana manufaa yake, na hayafai kubezwa. Hata hivyo, kozi ya darasani, iwe nzuri namna gani, humweleza mtu namna fomu inavyojazwa. Ni vigumu imkomaze awe mtu wa kusimama imara siku atakapoamriwa ajaze uongo katika fomu hiyo. Ukomavu wa aina hiyo hupatikana karibu na mtu, si karibu na ubao.

Hapo ndipo ninapoliingiza suala la ulezi wa kikazi. Nakusudia uhusiano wa mtu aliyekomaa katika kazi na mwenzake anayeianza, ambapo yule mkubwa humwonyesha njia yule mdogo, humsikiliza, humrudi akikosea na humtia moyo akiyumba. Jambo hili si geni kwetu wala hatukuletewa na meli. Fundi wa majahazi kule Lamu hamkabidhi mwanagenzi wake tezo siku ya kwanza akamwambia aunde chombo. Humweka kando yake, akamfunza kuutambua mti mzuri na mbovu, akamwacha aharibu kipande kidogo kabla ya kugusa ubao mkubwa. Na katika kumfunza kazi, humfunza pia adabu za kazi: kutomwibia mwenye chombo misumari, kutoziba ufa kwa rangi ilhali watu watapanda chombo hicho baharini. Ustadi na uadilifu havikutenganishwa, kwa kuwa fundi alijua kwamba pasipo uadilifu chombo kitazama na watu wake.

Wapo wanaosema kwamba viongozi wa kati katika shule zetu hawana walezi. Walezi wanao, tena wa kila siku. Mwalimu kijana anayeketi katika ofisi ya naibu hujifunza kwa macho kuliko kwa masikio. Humwona mkuu wake akiandika safari ambayo hakusafiri na akadai posho yake. Humsikia mhasibu akimwambia muuzaji wa vitabu aongeze kidogo katika bei. Huona mtoto wa tajiri akisamehewa kosa ambalo mtoto wa maskini alifukuziwa. Hakuna anayemweleza lolote, huambiwa tu, kwa sauti ya upole, "Mwalimu, hapa ndivyo tufanyavyo." Maneno hayo machache ni chuo kizima. Ahitimuye humo ndiye atakayekuwa mkuu wa shule baada ya miaka kumi, naye atawafunza wengine vivyo hivyo. Maji hufuata mkondo.

Kwa hiyo swali lililo mbele yetu halihusu kuanzisha ulezi mahali ambapo haukuwako. Linahusu ni ulezi wa namna gani tutakaouruhusu uendelee.

Namjua naibu mmoja wa shule ya bweni, ambaye sitamtaja jina wala kuitaja shule yake. Adhuhuri moja lori lilileta mahindi ya wanafunzi. Hati ya kupokea bidhaa ilisema magunia 60. Naibu huyo akayahesabu, akapata 48. Karani wa stoo akamwambia, "Mwalimu, mzee amesema utie sahihi tu. Yaliyobaki yataletwa wiki ijayo." Naibu akaichukua kalamu, akaikata ile 60, akaandika 48, ndipo akatia sahihi.

Hakufukuzwa kazi, wala hakutukanwa. Lakini tangu siku hiyo hakuitwa tena katika vikao vya ununuzi. Mazungumzo katika chumba cha walimu yalikatika kila alipoingia. Ulipofika wakati wa kuandikiwa ripoti ya utendaji, aliandikwa kwamba hana ushirikiano na wenzake. Nilipozungumza naye aliniambia jambo ambalo nimelitafakari mara nyingi. Alisema, "Kanuni nilizijua zote. Nisichokijua ni namna ya kumwambia 'la' mtu aliyenipendekeza kwa kazi hii, ninayemwita mzee, na ambaye kesho asubuhi lazima nikae naye meza moja."

Naomba msomaji ayapime maneno hayo. Malezi yetu ya Kiafrika yametufunza kumheshimu aliyetutangulia, na heshima hiyo ni johari ambayo sitaki tuitupe. Lakini heshima hiyo hiyo, isipofunzwa mipaka yake, huwa kamba ya kumfungia mtu mwema. Naibu yule alihitaji mtu mzima wa kazi aliyewahi kupita njia hiyo, wa kumwambia: mwendee mkuu wako faraghani kabla ya kelele, zungumza naye kwa unyenyekevu, mwonyeshe kwamba sahihi hiyo itamfunga yeye kabla haijakufunga wewe, muombe akupe amri yake kwa maandishi, nawe uweke nakala ya kila karatasi. Wengi wa wanaoamuru maovu kwa mdomo huogopa kuyaandika. Hekima ya namna hiyo haimo katika kanuni za serikali. Imo vichwani mwa walimu wazee wanaostaafu kila mwaka, wakaenda nayo mashambani kupalilia migomba.

Wala tusidanganyane kwamba tuna upungufu wa sheria. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ilipitishwa mwaka 2003. Katiba ya mwaka 2010 ina Sura ya Sita kuhusu uongozi na uadilifu. Tume ya Huduma kwa Walimu, yaani TSC, ina kanuni zake za maadili ambazo kila mwalimu anapaswa kuzifuata. Fimbo ilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaifanya adhabu ya kuchapa kuwa kosa. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 imeweka kifungo kisichopungua miaka 10 kwa mwalimu anayeitumia nafasi yake kumwingilia au kumtendea uchafu mwanafunzi. Karatasi tunazo tele. Tulicho na uhaba nacho ni watu waliofunzwa kuzishika karatasi hizo wakati mkono wa mwenye nguvu unapozivuta.

Chukua mathalani suala hilo la wasichana. Habari zinapomfikia naibu kwamba mwalimu fulani ana uhusiano na mwanafunzi, mara nyingi hufuatana na ujumbe wa wapatanishi. Huja wazee wa ukoo, huja rafiki wa mtuhumiwa, pengine huja mzazi mwenyewe wa msichana ambaye ameshaahidiwa fedha au ng'ombe. Wote humsihi naibu asiliharibu jina la shule na asimnyime mwenzake riziki. Naibu ambaye hakuandaliwa atadhani kwamba anachagua kati ya huruma na ukatili. Angekuwa na mlezi, angekumbushwa kwamba mwenye kustahili huruma hapo ni yule mtoto, kwamba makubaliano ya pembeni hayalifuti kosa la jinai, na kwamba jina la shule huharibiwa na tendo, haliharibiwi na ripoti. Angeambiwa pia aandike siku hiyo hiyo kila alilosikia, na saa aliyolisikia, kabla kumbukumbu hazijaanza kulainishwa.

Au chukua suala la mabweni. Usiku wa tarehe 26 Machi, 2001, wanafunzi 67 waliteketea katika bweni la shule ya Kyanguli, Machakos. Ilielezwa baadaye kwamba mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Mwaka 2008 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa usalama shuleni: milango ya bweni ifunguke kwa nje, isifungwe kwa nje wanafunzi wakiwamo, madirisha yasiwe na vyuma, na kati ya kitanda na kitanda kuwe na nafasi ya mita 1.2. Miaka 16 baada ya mwongozo huo, Septemba 2024, taifa lilizika tena watoto: 21 walikufa katika moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri.

Sikusudii kumtwika mtu fulani lawama za misiba hiyo. Hiyo ni kazi ya wachunguzi na mahakama. Nakusudia kuuliza swali moja kwa shule zote zilizobaki. Mkuu anapopokea wanafunzi zaidi ya uwezo wa bweni kwa sababu ya karo yao, nani anayeagizwa avisogeze vitanda? Ni msimamizi wa bweni. Yeye ndiye anayeona kwa macho yake kwamba mita 1.2 imekuwa shibiri mbili. Je, amewahi kufunzwa kwamba hapo anayo haki, tena anao wajibu, wa kusema, "Mzee, hapa hapatoshi, na hili naliandika"? Au amefunzwa kwamba msimamizi mzuri ni yule asiyemletea mkuu matatizo?

Mfano wa tatu ni mpya zaidi. Chini ya mtaala wa umilisi, matokeo ya mtoto hayategemei tena karatasi ya siku moja pekee. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 walipofanya mtihani wao wa kitaifa mwaka 2025, mtihani wenyewe ulichangia asilimia 60 ya matokeo. Asilimia 20 ilitokana na matokeo yao ya Gredi ya 6, na asilimia 20 nyingine ilitokana na tathmini zilizofanywa shuleni mwao katika Gredi ya 7 na ya 8. Nia ya mpango huo ni njema. Lakini tazama mzigo ulivyohamia. Zamani udanganyifu wa mitihani ulihitaji bahasha kufunguliwa kabla ya wakati wake. Serikali iliweka makontena, polisi na wasimamizi, na mwaka 2016 ikawafanya wakuu wa shule kuwa wasimamizi wa vituo wanaowajibika kwa kila karatasi. Alama za darasani hazina polisi wa kuzilinda. Mlinzi wake ni mwalimu wa somo, na juu yake mkuu wa idara. Mkuu wa idara akikubali kwamba kila mtoto apewe alama za juu ili shule ing'are, hapatakuwa na kontena litakalotuokoa. Mtoto mkweli wa shule maskini ndiye atakayenyimwa nafasi.

Tukumbuke pia kwamba tangu mwaka 2023 shule za msingi zilipofunguliwa sekondari ya chini ndani yake, wamezuka viongozi wengi wapya wa ngazi ya kati, baadhi yao vijana waliotoka chuoni hivi karibuni, wakifanya kazi chini ya wakuu waliozoea taratibu nyingine. Wasipopata walezi wema, watalelewa na lolote watakalolikuta.

Yako mambo ya kuigwa humu humu nchini. Mwaka 1959 Geoffrey Griffin alipoanzisha kituo cha Starehe jijini Nairobi, alianza na vibanda viwili vya mabati pamoja na wasaidizi wawili, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu. Watu wengi humtaja Griffin peke yake, aliyeiongoza shule hiyo hadi alipofariki mwaka 2005. Mimi huvutiwa zaidi na jinsi alivyowagawia wengine mamlaka, kutoka kwa wasaidizi wake hadi kwa viranja, na jinsi alivyoweka baraza ambamo mvulana yeyote aliweza kusimama akauliza swali na kutaka jibu mbele ya wote. Kiongozi anayekubali kuulizwa hadharani huwafunza walio chini yake somo kubwa kuliko hotuba mia moja. Naibu wa mkuu wa aina hiyo hujua mapema kwamba kila afanyalo litahitaji maelezo, naye huanza kuyatayarisha maelezo hayo kabla ya kutenda.

Basi lifanyike nini? Ninayo mapendekezo machache, wala hayahitaji tume wala wafadhili.

Kwanza, kila naibu na mkuu wa idara anayeteuliwa apewe mlezi wa kikazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja, na mlezi huyo atoke nje ya shule yake. Hili ni la msingi. Mlezi akiwa ni mkuu wake mwenyewe, yule anayemwandikia ripoti, naibu hatathubutu kumweleza habari za magunia 12 yaliyokosekana. Kila kaunti ina walimu wakuu waliostaafu kwa heshima, ambao vitabu vyao vya hesabu vilikaguliwa vikapatikana safi. Hao watafutwe. Wengi wao, nina hakika, wangefurahi kupewa nauli na kikombe cha chai ili waitwe walimu tena.

Pili, mazungumzo ya mlezi na mwenzake yawe juu ya visa, yasiwe mahubiri. Kumwambia mtu awe mwaminifu ni sawa na kumwambia awe mrefu. Mpe kisa: mzazi amekuletea mbuzi baada ya mtoto wake kupata nafasi shuleni, utafanya nini? Mwalimu mwenzako, ndugu ya mbunge, hajafika darasani wiki mbili. Utaandika nini katika daftari la mahudhurio? Mkuu anataka wanafunzi dhaifu wasajiliwe katika kituo kingine ili wastani wa shule usishuke. Utasema nini, kwa maneno gani, na mbele ya nani? Aliyeyajibu maswali hayo mara ishirini akiwa ametulia hatababaika siku yatakapomjia kwa kishindo.

Tatu, upandishaji vyeo uyatazame hayo. Kwa sasa tunamhesabia mtu vyeti vyake, miaka yake ya kazi na matokeo ya mtihani. Yale aliyoyakataa hakuna anayemhesabia. Naibu aliyeandika 48 mahali pa 60 alistahili kuulizwa habari hiyo na jopo la mahojiano, na jibu lake limpandishe. Badala yake, karatasi iliyomfikia mhojaji ilisema hana ushirikiano.

Nne, ulezi huu usigeuzwe biashara. Bado tunakumbuka kwamba mwaka 2021 TSC ilipotangaza mafunzo ya lazima ya walimu, ambayo kila mmoja alitakiwa kuyalipia Sh6,000 kwa mwaka, walimu wengi waliyapinga, na wengine waliyaona kuwa ni makato mengine tu katika mshahara. Maadili yanayouzwa kwa risiti hununuliwa na wasioyahitaji isipokuwa kwa ajili ya cheti.

Najua wapo watakaonipinga. Baadhi ya wakuu watasema kwamba mlezi wa kutoka nje atakuwa jasusi wa kuzitoa siri za shule. Nawajibu kwamba siri halali za shule, kama vile matatizo ya watoto na ya familia zao, mlezi mwaminifu atazihifadhi, kwani hiyo ni sehemu ya maadili anayoyafunza. Kama ipo siri nyingine ambayo mkuu anaiogopea, basi hofu hiyo yenyewe inatosha kuonyesha kwamba mlezi anahitajika. Isitoshe, mkuu mwema ndiye atakayefaidika zaidi. Naibu aliyefunzwa kukataa uovu humkinga mkuu wake na wezi wa stoo, na wauzaji laghai, na hata na vishawishi vyake mwenyewe. Wangapi wamefikishwa mahakamani kwa sababu waliokuwa karibu nao waliitikia "ndiyo mzee" hadi siku ya mwisho?

Wengine watasema kwamba maadili hufunzwa nyumbani, na kwamba mtu mzima asiye nayo hawezi kufundishwa. Msemo wa samaki mkunje angali mbichi nimeusikia tangu utotoni, nao una ukweli wake. Lakini walimu wengi wanaoingia kazini si wabaya. Wamelelewa vyema na mama zao, wakaja shuleni na dhamiri zao zikiwa hai. Ninachokihofia ni yale yanayozipata dhamiri hizo katika miaka mitano ya kwanza ya uongozi, zinapokuwa peke yake bila mtu wa kuziegemea. Dhamiri ni kama mche: hata ukiwa wa mbegu njema, mwanzoni hutaka mti wa kuushikilia upepo unapovuma.

Namalizia kwa maneno mawili. La kwanza ni kwa walimu wakuu. Mnapofunga mlango wa ofisi na kuamua jambo na mhasibu, jueni kwamba upande wa pili wa ukuta ameketi naibu anayejifunza. Kila mnalolitenda ni somo, na mwanafunzi wenu huyo hakosi kipindi hata kimoja. Mwiteni, mwelezeni sababu za maamuzi yenu, mpeni ruhusa ya kuwauliza, na akiwaonya kwa adabu, mshukuruni mbele ya wenzake.

La pili ni kwa naibu, mwalimu mwandamizi, mkuu wa idara na msimamizi wa bweni anayeisoma makala hii jioni baada ya zamu. Usingoje wizara ikuletee mlezi kwa waraka. Mtafute. Yupo mwalimu mzee unayemheshimu, pengine ndiye aliyekufundisha wewe mwenyewe, ambaye hajawahi kusikika akitajwa kwa ubaya. Mwendee Jumamosi, mpelekee lile jambo linalokunyima usingizi, mwambie, "Mwalimu, nimekuja unishauri." Kisha Jumatatu urejee kazini, uyahesabu magunia, uukague ufunguo wa mlango wa nyuma, na uandike idadi uliyoiona kwa macho yako.